Elimu ya Betri Tatu

Kuna sifa moja inayobandikwa siku hizi kwenye karibu kila boksi la vitu vya watoto, kuanzia vibanda vya Kariakoo hadi maduka makubwa yenye viyoyozi: sifa ya kuelimisha. Simu ya plastiki inayoimba inaelimisha. Kompyuta ya bandia yenye vitufe vinavyotaja majina ya wanyama inaelimisha. Zulia la herufi, ambalo mtoto wa mwaka mmoja na nusu hulikanyaga ili limtajie tufaha, tunda ambalo hajawahi kuliona likining'inia mtini, nalo linaelimisha. Anayetoa sifa hiyo ni mtengenezaji mwenyewe. Mwagizaji ameileta kama ilivyo, na mzazi ameisoma na kuiamini. Na anayeiamini kwa haraka zaidi ni mzazi msomi.

Najua wapo watakaosema kwamba mhadhiri amekosa la kuandika, hata ameingia kwenye midoli. Naomba wavumilie. Uchaguzi wa kichezeo cha mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni jambo la lugha, la tabaka na la utumishi wa umma, na hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya vichezeo vinavyouzwa kwa jina la elimu vimeundwa kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mtoto pamoja na mtu mzima aliye naye. Tabaka letu limevipokea kwa mikono miwili kwa sababu vinatuondolea aibu mbili: aibu ya kutokuwapo nyumbani, na aibu ya kuzungumza Kiswahili na watoto wetu.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Katika umri huo anajifunza nini? Anajifunza kwamba kitu kikiachiwa huanguka, na ndiyo maana hukiangusha kijiko mara ishirini na kukutaka ukiokote mara ishirini. Anajifunza kwamba kikombe kidogo huingia ndani ya kikubwa, wala kikubwa hakiingii ndani ya kidogo hata akikilazimisha kwa hasira. Anaujaza mchanga kwenye ndoo, anaumwaga, anaujaza tena. Akikaribia miaka miwili huanza jambo kubwa zaidi: anaokota kipande cha ubao, anakiweka sikioni na kusema "halo". Ubao umekuwa simu kwa sababu yeye ameamua uwe simu. Huo ndio mwanzo wa kufikiri kwa ishara, na pasipo ishara hakuna kusoma wala kuhesabu. Sasa mpe mtoto huyo simu ya plastiki inayolia yenyewe, kuongea yenyewe na kujipongeza yenyewe. Imembakizia kazi gani? Kubonyeza.

Wenye kudai ushahidi wana haki ya kuudai. Utafiti wa Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, uliochapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics, uliwarekodi wazazi 26 nyumbani kwao wakicheza na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Walipewa vichezeo vya kielektroniki, vichezeo vya kawaida kama vipande vya kupanga, na vitabu. Kichezeo cha kielektroniki kilipowashwa, mzazi alisema maneno machache zaidi, alimjibu mtoto mara chache zaidi, na mtoto naye alitoa sauti chache zaidi. Ni utafiti mdogo, tena wa familia za Marekani, na sitaupakia mzigo usioubeba. Lakini unaeleza jambo ambalo yeyote aliyekaa sebuleni na kidude kinachoimba analijua: mashine ikiongea, watu hunyamaza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo waliwaangalia watoto 36 wakicheza, mara moja wakiwa na vichezeo 4, mara nyingine wakiwa na 16. Wakiwa na vinne walidumu na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa namna nyingi zaidi. Mwishoni mwa mwaka huohuo, jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani ilitoa mwongozo kuhusu uchaguzi wa vichezeo. Kiini chake ni kwamba kichezeo kizuri si lazima kiwe cha bei kubwa, na kwamba kikubwa kuliko kichezeo ni mlezi anayecheza na mtoto.

Kwa maneno mengine, huko vinakotoka vitu hivi, madaktari wao wameshatahadharisha. Hata wafanyabiashara wamewahi kurudi nyuma: mwaka 2009 kampuni ya Disney, iliyokuwa mmiliki wa Baby Einstein, ilijitolea kuwarudishia fedha wazazi walionunua video za watoto wachanga za jina hilo, baada ya miaka kadhaa ya kushinikizwa na wanaharakati waliopinga madai kwamba zinaelimisha. Sisi bado tunanunua kwa imani ambayo wenyewe wameanza kuipoteza.

Tuseme pia ukweli kuhusu nani anakaa na mtoto. Katika nyumba nyingi za watumishi wa umma na wahadhiri wa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku, aliye na mtoto ni dada wa kazi. Mara nyingi ni binti aliyekuja mjini na begi moja, lakini kichwani amebeba hazina: nyimbo za kubembeleza, vitendawili, michezo ya kuhesabu vidole, hadithi za sungura na fisi, na ule ustadi wa kumfanyia mtoto mdoli kwa gunzi la hindi na kipande cha kanga. Hazina hiyo ndiyo hasa wataalamu wa malezi wanaitafuta kwa semina. Nasi tunaichukulia kama uchafu wa kufutwa. Nimemsikia zaidi ya mara moja mzazi mwenye shahada mbili akimkataza dada asimwongeleshe mtoto "Kiswahili chake kile", kisha akamwachia mtoto kidude kinachosema Kiingereza cha puani. Nimeona pia kichezeo ambacho bei yake ni sawa na mshahara wa mwezi wa yule aliyeagizwa kukiwasha. Mzazi huyohuyo, ukimwomba amwongezee dada mshahara na kumpa siku ya mapumziko, atakueleza hali ngumu ya uchumi.

Dada aliyechoka, anayefua, anayepika na anayeogopa kuongea, atafanya ambalo yeyote angefanya: atabonyeza kitufe. Mkosaji hapa si yeye. Tumenunua kichezeo kinachoongea ili kichukue nafasi ya mtu tuliyemnyamazisha.

Suala la lugha limejificha humohumo. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa vitenge, tunatoa hotuba na kupigiana makofi. Jioni tunarudi nyumbani, na sauti ya kwanza inayomfundisha mtoto rangi, namba na majina ya wanyama ni ya chombo kisichojua neno "chungwa" wala "mbuzi". Nitajibiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia na mtoto akianza mapema ataimudu. Mimi nafundisha kwa Kiingereza kila wiki, sina ugomvi nacho. Ninachokataa ni kudhani kwamba orodha ya nomino kutoka kwenye kipaza sauti cha shilingi mia mbili ni lugha. Lugha kwa mtoto wa miaka miwili ni mtu kumtazama, kungoja aseme "ji", na kumjibu, "Ee, maji, unataka maji ya kikombe?" Chombo hakingoji. Kinamkatiza, kinampongeza kwa jambo asilolifanya, na kinarudia wimbo. Wanafunzi wangu wanaofika mwaka wa kwanza wakiwa hawawezi kujenga hoja kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza hawakuharibiwa na midoli, nisieleweke vibaya. Lakini dharau iliyowafikisha hapo huanzia chini kabisa, sakafuni, kwenye mkeka.

Wapo wanafunzi wanaharakati ambao wameniwekea pingamizi zito zaidi. Wanauliza: je, huu si wimbo wa aliyeshiba, kuwasifia watoto wa maskini makopo na vifuniko vya chupa huku wa matajiri wakichezea vya dukani? Pingamizi hilo nalikubali nusu. Kopo lenye ukingo mkali hukata. Chupa iliyokuwa na dawa ya mimea ni sumu hata ikioshwa mara tatu. Kifuniko cha soda hukaba koo. Umaskini si mbinu ya ufundishaji, na nitakayemsikia akiupamba nitampinga. Ninachosema ni kwamba kipimo kiwe kimoja kwa mtoto wa Masaki na wa Manzese: kichezeo hiki kinamwachia mtoto kazi gani, kinamleta nani karibu naye, na kinaweza kumdhuru? Kwa kipimo hicho, sufuria yenye mfuniko wake na mwiko wa mbao hushinda maboksi mengi ya dukani. Hata tafiti za kaya zinazoratibiwa na UNICEF, zinapouliza mtoto ana vitu gani vya kuchezea, huhesabu vilivyotengenezwa nyumbani na vyombo vya kawaida vya ndani sambamba na vya kununua. Maria Montessori alianzisha Nyumba yake ya Watoto mwaka 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa Rome. Leo jina lake katika miji yetu ni kibao cha getini kinachohalalisha ada. Historia hiyo ingepaswa kuwatia haya wanaoamini kwamba ujifunzaji wa awali ni bidhaa ya wenye nacho.

Nije kwenye dhara, maana hapa serikali haiwezi kukaa pembeni. Vipo vichezeo vinavyotumia betri bapa za duara, ndogo kama sarafu. Mtoto akiimeza, ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio vibaya ndani ya saa mbili. Mfuniko wa betri usiofungwa kwa skrubu ni sababu tosha ya kukiacha kichezeo dukani, hata kama kinasoma alfabeti nzima. Vipo vyenye sumaku ndogo, ambazo mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo. Vipo vilivyopakwa rangi yenye risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2007 Mattel, kampuni kubwa yenye maabara na wanasheria, ililazimika kurudisha mamilioni ya vichezeo kwa sababu ya rangi yenye risasi na sumaku. Ikiwa hayo yaliipata Mattel, tutarajie nini kwa boksi lisilo na jina la kiwanda, lenye maelezo ya usalama kwa lugha ambayo muuzaji na mnunuzi wote hawaisomi? Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu mzazi ana kipimo rahisi: kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi kilicho katikati ya rola ya chooni ni kidogo mno kwake. Lakini haifai usalama wa watoto wa taifa zima utegemee kibomba cha karatasi. Shirika la Viwango lina wajibu, na sharti la maelezo ya usalama kwa Kiswahili kwenye kila kichezeo kinachoingia bandarini halihitaji mapinduzi, linahitaji saini.

Hatuanzi patupu. Desemba 2021 nchi yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Humo limo neno ambalo lingetosha kujibu matangazo yote ya maboksi: malezi yenye mwitikio. Yaani mtoto anaanza, mtu mzima anajibu. Lakini neno hilo limekaa kwenye makabrasha wakati vituo vya kulelea watoto mchana vikishindana kwa rangi za kuta na wingi wa plastiki. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliwapa wazazi orodha ya vichezeo vya kununua kabla ya muhula. Karibu vyote vilikuwa vya betri, na vyote vya Kiingereza. Hakuna mzazi aliyeuliza mlezi mmoja ana watoto wangapi.

Wakati huohuo, mafundi seremala wa Keko wanachoma au kutupa vipande vya mbao ambavyo vikikatwa kwa ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, vikapigwa msasa na kuachwa bila rangi, vingekuwa vichezeo vya miaka mitatu kwa kituo kizima. Halmashauri inayonunua madawati kwa mafundi hao inaweza kununua na vipande hivyo. Sijui kwa nini hatua ndogo hivi hutuonekania kuwa chini ya hadhi yetu.

Afisa ustawi wa jamii anayesoma makala haya ana ziara ya kituo wiki hii au ijayo. Namwomba, atakapoonyeshwa kabati la vichezeo, asilihesabu. Akae chini kwa nusu saa, aangalie ni mara ngapi mtoto anasema jambo na mtu mzima anamjibu, kwa lugha gani, na mlezi yule analipwa shilingi ngapi. Kisha ayaandike hayo matatu kwenye taarifa yake, hata kama fomu haina nafasi yake.