Megawati na chura

Mhariri,

Habari za umeme huhesabu megawati. Ni nadra zimhesabu chura.

Chura wa Kihansi, asiyefikia hata sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo moja tu la milima ya Udzungwa. Hatagi mayai kama vyura wengi. Huzaa watoto kamili. Uhai wake wote ulitegemea manyunyu ya maporomoko.

Kisha bwawa likaja. Kituo cha Kihansi kina uwezo wa megawati 180, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, korongo likakauka. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa. Ugonjwa wa kuvu nao ukabisha hodi. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walikuwa tayari wamepandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 wajukuu wa wasafiri wale wakaanza kurejeshwa nyumbani, kwenye manyunyu ya bomba.

Nani aamue kati ya taa ya mwanafunzi na kiumbe asiyepiga kura? Mhandisi, mbunge na mwanabayolojia kila mmoja ana jibu lake. Gazeti linapoandika kuhusu bwawa jipya, lichapishe pia kiasi cha maji yatakayoachiwa mto.

Msomaji, Morogoro