Tuwape Vijana Wetu Mtu wa Kuzungumza Naye

Ndugu zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, nanyi mlioko Eastleigh au ng'ambo lakini mkiulizwa kwenu ni wapi hutaja huku: ninawaomba saa moja kwa wiki. Saa moja ya kuzungumza Kiingereza na kijana anayetafuta kazi.

Vijana wetu vyeti wanavyo. Wamo waliohitimu Chuo Kikuu cha Garissa, wamo waliotoka North Eastern National Polytechnic, na wengi wana alama nzuri ya Kiingereza tangu kidato cha nne. Barua ya kuomba kazi wanaiandika ikanyooka. Kisha simu inalia kutoka shirika moja la Dadaab au ofisi ya Nairobi, mtu anauliza kwa Kiingereza kama wana dakika kumi, na maneno yote yanayeyuka. Au wanaitwa kwenye usaili, wanajibu kwa sentensi mojamoja, na wakiwa njiani kurudi jibu kamili ndilo linakuja.

Huku kwetu mtu anaweza kuamka, kununua maziwa ya ngamia, kushinda soko la mifugo, kuswali, kucheza mpira na kulala bila kuhitaji lugha nyingine ila Kisomali, na Kiswahili kidogo. Kwa miaka mingi, aliyemlazimu mtoto kufungua kinywa kwa Kiingereza alikuwa mwalimu aliyetoka Kitui, Kisii au Kakamega, asiyejua Kisomali. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa katika shambulio la Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji kutoka kaunti zetu tatu. Tuliyalilia masomo ya hesabu na sayansi, na tulikuwa na haki. Ila kuna hasara nyingine tuliyoisahau: katika vijiji vingi mtoto alimpoteza mtu pekee ambaye asingeelewana naye bila Kiingereza au Kiswahili. Walimu wenyeji wanajitahidi, Mungu awalipe, lakini mwalimu na mwanafunzi wenye lugha moja ya nyumbani huirudia lugha hiyo somo linapokuwa gumu. Ni jambo la kawaida kabisa. Waliokuwa shule ya upili wakati ule ndio wanaobisha hodi maofisini leo.

Vitabu navyo tunavithamini. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kutuma ngamia kutoka Garissa na masanduku ya vitabu hadi kwa wafugaji, na kila nikilifikiria jambo hilo moyo wangu hujaa fahari. Lakini kitabu hakimkatizi msomaji, wala hakimuulizi swali la pili asilolitarajia. Hiyo ni kazi ya mtu.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwalimu uliyestaafu, wewe karani wa kaunti, wewe muuguzi, wewe uliyefanya kazi na mashirika tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991: chukua vijana watatu au wanne. Siku ya mazoezi ya simu, kaa chumba kimoja nao wawe kingine, uwapigie kwelikweli nao wakupigie, kwa sababu ugumu wa simu ni kutouona uso. Wajifunze kutaja jina, mahali walipo na sababu ya kupiga kabla ya jambo lingine lolote. Kutaja jina lao herufi kwa herufi. Kurudia tarehe na saa waliyopewa. Na kuomba kurudiwa bila haya. Siku ya mazoezi ya mkutano, kila mmoja ashike kiti cha mwenyekiti kwa zamu na mwingine aandike kumbukumbu. Wafundishe hasa namna ya kumpinga mkubwa kwa adabu, maana wamelelewa wasimkatize mzee, na mkutanoni malezi hayo mema huwageuza mabubu.

Usaili ndio unaohitaji muda mrefu zaidi. Kijana akiulizwa amefanya kazi gani husema hajawahi kuajiriwa, na hapo ananyamaza. Mchokonoe. Utasikia kwamba aliwahi kuwapeleka mbuzi wa babake kutoka Balambala hadi Garissa, akajadiliana na madalali, akarudi na hesabu kamili. Huo ni uzoefu wa kazi. Mwonyeshe jinsi ya kuusimulia kwa Kiingereza, kwa dakika mbili. Na binti zetu wanaoinamisha macho kwa heshima, msiwaamuru wayakodoe. Wasaidieni sauti isikike, na jibu lifike mwisho. Nanyi mnaoketi upande wa pili wa meza, mkiona macho yale yameinama, sikilizeni anachosema.

Matamshi yasiwatishe. Alfabeti ya Kisomali haina P, V wala Z, basi herufi hizo zitawasumbua. Nani Kenya hii hashrabu? Mjaluo ana lafudhi yake, Mkikuyu yake, Mkamba yake, na kazi wanapata. Afadhali nguvu ziende kwenye kusema polepole na kumaliza sentensi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa mliotoka kaunti nyingine. Baada ya uchungu wa shambulio la Aprili 2015 chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na ninyi mkachagua kuja. Ahsanteni. Kaeni na vijana wa mji, muwape Kiingereza nao wawape Kisomali, mkahawani au kivulini chuoni.

Hakuna haja ya kusubiri kamati wala mfadhili. Mtoto wa jirani yako yupo nyumbani na namba yake unayo. Mpigie leo baada ya alasiri, na akipokea kwa Kisomali, wewe endelea kwa Kiingereza.