Ukurasa wa Nyumbani: Rangi za Chumba cha Kulala

Nyumba ipakwapo rangi, sebule hupata heshima ya kwanza, maana ndimo waingiamo wageni. Chumba cha kulala hupewa mabaki: robo kopo la kijani, nusu kopo la manjano, na nyekundu iliyosalia mlangoni. Kumbe humo ndimo alalamo mtoto mchanga, ndimo auguzwamo mgonjwa, na ndimo wapumzikamo baba na mama baada ya jua kutwa. Twaona si haki chumba cha kupumzikia kijazwe rangi zenye kugombana.

Shauri letu ni moja: chagueni rangi moja tu, kisha itumieni kwa kukoza na kufifia kwake. Mathalani, mkipenda rangi ya udongo, kuta ziwe za maji ya kunde, dari iwe kama maziwa yaliyodondoshewa chai, na mlango uwe wa kahawia iliyoiva. Mapazia na shuka navyo vifuate ukoo huo huo. Hapo jicho hupita kutoka ukutani hata darini pasipo kukwazwa.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, chumba kiitwacho ndani kilikuwa na ukuta wa zidaka uliotiwa lipu nyeupe. Rangi ni moja, walakini kila kidaka kina kivuli chake, na nakshi huonekana kwa mwanga na kivuli tu.

Kazi yenyewe haitaki fedha nyingi. Twaeni chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji na kuchujwa, mtie rangi ya unga itokanayo na udongo. Wekundu na umanjano wa udongo hutokana na chuma, nao hauliwi na chokaa wala haufifishwi upesi na jua. Unga wa rangi usizidi sehemu 1 kwa 10 ya chokaa kwa uzani. Ukizidi, ukuta utachafua nguo za mwenye kuuegemea. Yalindeni macho, maana chokaa huunguza. Changanyeni kwanza ndoo moja iliyokoza. Kisha tekeni kiasi, mwongeze chokaa tupu, mpate ya pili. Na vivyo hivyo ya tatu. Zote ni watoto wa mama mmoja, hazitagombana.

Lakini msipake chumba kizima siku ile ile. Chokaa ikikauka hupauka sana. Pakeni kipande kidogo katika kuta mbili, mngoje hata kesho yake, mkitazame alfajiri, adhuhuri, na usiku taa iwakapo. Taa yenye mwanga wa manjano huupa udongo joto. Yenye mwanga wa buluu huufanya kama majivu. Chumba cha kulala hukaliwa zaidi usiku, basi hukumu ya usiku ndiyo ya kufuatwa.

Liko neno zito kuliko uzuri. Baadhi ya rangi za mafuta zilizo kali, hasa za manjano, machungwa na nyekundu, zimetengenezwa kwa madini ya risasi. Zikibanduka, vumbi lake huingia mikononi mwa mtoto, kisha kinywani, na kudhuru ubongo wake. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Marekani ilikataza rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini si kila nchi iliyofanya hivyo. Kwa hiyo mnunuapo rangi ya mlango, takeni kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Na rangi ya kale inayobanduka msiisugue ikiwa kavu. Ilowesheni maji kwanza, mfute kwa kitambaa, na watoto wawe mbali.

Basi, enyi wenye nyumba, kabla ya kufungua kopo la mabaki, ulizaneni ni nani atakayelala karibu na ukuta ule.