Israeli iliwafungia mlango, kisha ikawafungulia

Wengi wanaijua Gilgil kama mji wa Kenya ulio kwenye barabara ya kwenda Nakuru. Si wengi wanaojua kwamba mwaka 1947 Waingereza waliwafungia huko Wayahudi wa makundi ya siri ya Irgun na Lehi, waliokamatwa Palestina. Walianzia Eritrea mwaka 1944, wakapitia Sudan, ndipo wakaletwa Kenya. Walirudishwa kwao Julai 1948, wakati taifa la Israeli limekwisha kutangazwa.

Nawakumbusha wasomaji habari hiyo kwa sababu kila tunaposikia kauli za mawaziri wa Israeli wanaotaka Wapalestina waondoke, wapo wanaodhani ni jambo la jana, na wapo wanaodhani hiyo ndiyo dini ya Kiyahudi. Yote mawili si kweli. Hizi ni siasa, na zina historia yake.

Mzizi wa kwanza ni kipindi cha Vita Kuu ya Pili. Baada ya Wayahudi milioni sita kuuawa Ulaya, vijana wengi waliamini kuwa Myahudi asiye na bunduki hana usalama. Julai 1946 Irgun, chini ya Menachem Begin, ililipua hoteli ya King David mjini Jerusalem na kuua watu 91. Septemba 1948 watu wa Lehi walimuua mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte. Hata hivyo, dola mpya haikuwavumilia. Juni mwaka huo David Ben-Gurion alikuwa ameamuru meli ya silaha ya Irgun, Altalena, ipigwe mizinga. Begin akageukia kura, na hakuwa waziri mkuu hadi 1977.

Mzizi wa pili ni vita vya 1967. Kwa siku sita Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki, Gaza, Sinai na Golan. Wafuasi wa Rabi Zvi Yehuda Kook waliuona ushindi huo kuwa kazi ya Mungu. Mwaka 1974 waliunda Gush Emunim, vuguvugu lililosukuma ujenzi wa makazi ya walowezi. Hapo mambo yalibadilika. Mpaka unaweza kujadiliwa mezani, lakini mtu akiamini ardhi ni amri ya Mungu, hana cha kujadili.

Kisha akaja Meir Kahane, rabi kutoka New York, ambaye chama chake cha Kach kilitaka Waarabu wafukuzwe. Mwaka 1984 alipata kiti kimoja cha Bunge kati ya 120. Wabunge wa Likud, chama cha Begin, walikuwa wakitoka ukumbini aliposimama kuzungumza. Mwaka 1985 Bunge lilitunga sheria ya kuwazuia wagombea wanaochochea ubaguzi wa rangi, na mwaka 1988 Kach ikazuiwa kushiriki uchaguzi.

Chama kilizuiwa, chuki ikabaki. Februari 1994 Baruch Goldstein, mfuasi wa Kahane, aliwaua kwa risasi Waislamu 29 waliokuwa wakiswali katika Msikiti wa Ibrahimu, Hebron. Novemba 1995 Yigal Amir, Myahudi mwenye siasa kali, alimuua Waziri Mkuu Yitzhak Rabin kwa kupinga mapatano na Wapalestina.

Leo Itamar Ben-Gvir, aliyelelewa kisiasa ndani ya Kach na kutiwa hatiani mwaka 2007 kwa kuchochea ubaguzi wa rangi, amekuwa waziri anayesimamia polisi. Huyu ni mtu aliyetundika picha ya Goldstein sebuleni kwake kwa miaka mingi. Sheria ya 1985 haikufutwa. Kilichobadilika ni hesabu. Benjamin Netanyahu, kiongozi wa Likud hiyo hiyo, alihimiza vyama vidogo vya mrengo huo viungane ili kura zao zisipotee. Novemba 2022 muungano huo ulipata viti 14, na Netanyahu akapata wingi wa kuunda serikali.

Wapo watakaosema wapigakura ndio walioamua. Ni kweli, lakini mwaka 1984 pia wapigakura waliamua, na vyama vikubwa vikakataa kukaa meza moja na Kahane. Watu wenye chuki wapo katika kila nchi. Wanapata madaraka pale mwanasiasa mkubwa anapohitaji kura zao kuliko anavyoogopa madhara yao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Israeli iliuziba ufa huu, kisha waziri mkuu wake akaubomoa mwenyewe. Gharama inalipwa kwanza na Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, anayekwenda kumshtaki mlowezi aliyemchomea shamba kwa polisi walio chini ya waziri wa aina hiyo.