Walinzi wa Amboseli wasiishi kwa hisani

Historia ya wanawake wapiganaji wa Afrika imeanza kupewa heshima yake, na imekawia. Watoto wetu wanafundishwa jinsi Mekatilili wa Menza alivyowaapisha Wagiriama mwaka 1913 wakatae kodi na kazi ya shokoa, akahamishiwa Kisii, akatoroka na kurejea pwani kwa miguu. Lakini heshima kwa waliofariki haigusi bajeti ya mtu. Wajibu hupimwa kwa namna taifa linavyomtendea mpiganaji angali hai, na hapo rekodi yetu ni ya aibu.

Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka 2023, ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha juu kabisa katika jeshi la Mau Mau. Alipotoka msituni hakupata mafao; alichopata baadaye ni leseni ya kuuza pembe za ndovu. Ilikuwa hisani, na hisani hutolewa na mkubwa na kuondolewa na mkubwa.

Leo mabinti wa Kajiado wanamlinda ndovu yuleyule. Mwaka 2019, kwa msaada wa shirika la IFAW, wasichana wanane wa Kimaasai kutoka Olgulului, ranchi ya jamii inayoizunguka Amboseli, waliingia katika kikosi cha askari wa wanyamapori, kazi ambayo jamii yao ilizoea kuwaachia wanaume. Korona ilipofunga hoteli mwaka 2020, walikaa kambini miezi kadhaa bila kwenda nyumbani. Waliokuwa wakiuliza kama mwanamke anaiweza kazi hiyo wamejibiwa. Kilichobaki ni kaunti kuwalinda kwa sheria na bajeti, wasitegemee hisani ya mfadhili.

Wapo watakaosema kwamba wanyamapori ni jukumu la Serikali ya Kitaifa chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kwamba hazina ya kaunti ina madeni na zahanati zinangoja dawa, na kwamba mfadhili anayelipa vizuri hana sababu ya kuondolewa. Hoja hizo zina uzito, na ya zahanati ina uzito kuliko zote. Hata hivyo kaunti ambayo kwa miaka mingi ilidai irudishiwe Amboseli na mapato yake haiwezi kuyataka malipo ya langoni na wakati huohuo kuwakana wanaoyalinda. Mfadhili ana uhuru wa kuondoka. Serikali haina.

Mkazi wa Kitengela asidhani hayo ni mambo ya Loitokitok. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na simba wake huja hadi kwenye maboma yetu. Juni 2012, sita waliuawa Ilkeek-Lemedungi baada ya kuvamia mifugo. Tangu hapo ploti zimeongezeka, njia za wanyama zimebanwa, na mama anayeamka usiku kusikiliza zizi la mbuzi hana wa kumwita aliye karibu kuliko askari wa jamii. Asipokuwapo askari huyo, mkuki ndio unaoamua. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtengea shilingi milioni 5 aliyefiwa na mtu wake kwa shambulio la mnyama, na kila boma linajua fidia hiyo inavyocheleweshwa.

Bunge la Kaunti ya Kajiado linapaswa kutunga sheria inayowatambua askari wa jamii, wanawake kwa wanaume: mkataba wa maandishi, bima ya maisha na ya matibabu, likizo ya uzazi, na mafao kwa anayejeruhiwa kazini, awe amejeruhiwa na nyati au na jangili. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linapaswa kuwafunza kwa kiwango cha askari wake lenyewe na kuwafungulia mlango wa ajira. Gavana naye anapaswa kuiweka gharama hiyo katika bajeti kwa jina lake, katika fungu linaloweza kukaguliwa, ili mwananchi wa Kitengela aulize zilikokwenda fedha hizo na ajibiwe.