Si kila tangazo ni la kupiga kelele

Nimekuwa kimya kidogo, mnajua tena mambo ya boksi na zamu za usiku. Leo nina dukuduku, acheni nilitoe.

Majuzi tulifiwa na ndugu yetu hapa Sheffield. Tangazo likazungushwa kwenye simu: jina la marehemu, siku ya kisomo, anwani, akaunti ya michango ya kusafirisha mwili. Yote kwa fonti ya Impact, herufi kubwa tupu, juu mpaka chini. Nikabeba sufuria langu la pilau, nikagonga nyumba namba 36. Akafungua mzee wa Kizungu, tukabaki tunatazamana. Kumbe msiba uko namba 38! Kwenye simu yangu 6 na 8 zilikuwa madoa mawili ya wino. Njiani nikajiuliza: na namba ya akaunti je, wangapi wameikosea?

Jamani, Impact haina kosa, kosa ni letu. Tena ni mwenyeji wa mji huu huu. Aliichora Geoffrey Lee, na kiwanda cha herufi za kupigia chapa cha Stephenson Blake, hapa hapa Sheffield, kikaitoa mwaka 1965. Ilikuwa ya vichwa vya habari na matangazo ya biashara: herufi nene, zimebanwa bega kwa bega kama abiria wa daladala, ili neno kubwa lienee mahali padogo. Mwaka 1996 Microsoft wakaigawa bure mtandaoni, ikaingia kila kompyuta, mpaka ikawa ndiyo herufi ya picha za vichekesho. Na sisi tunamwandikia marehemu kwa herufi hizo hizo!

Nakubali, sisi Waswahili inatufaa. Maneno yetu marefu. Andika TUNAWAKARIBISHA kwa herufi pana uone kama litaenea mstari mmoja. Lakini unene ule ule ndio unaoziba matundu ya 6, 8 na 9 ukizipunguza ukubwa.

Kijana aliyetengeneza tangazo akanijibu: "Kaka, bila herufi nene watu hawasomi." Mdogo wangu, wameliona, hawakulisoma. Hayo ni mambo mawili. Tazama kanga ya mama yako: ina jina moja tu, kwa herufi kubwa, na mtaa mzima umelipata. Ingejazwa maneno kutoka pindo hadi pindo, nani angehangaika nayo?

Basi ombi langu kwa makatibu wa jumuiya zetu zote huku ughaibuni: neno TANZIA liwe kwa Impact, kubwa uwezavyo. Jina, tarehe, anwani na akaunti vipewe herufi za kawaida, zenye kupumua. Mfiwa anahitaji watu wafike na michango ifike. Kelele hazimsaidii.

Na yule mzee wa namba 36? Nilimwachia sahani ya pilau. Haya, tuonane wiki ijayo.