Sahihi Yako Isiuzwe kwa Soda

Kijana mwenzangu, hebu nikuulize. Kaunti inapokuita kwenye mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, unajua ni kitu gani hasa wanachokitaka kutoka kwako? Mara nyingi si fikra zako. Ni jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo ndiyo inayoambatanishwa na ripoti ikapelekwa bungeni. Na siku mtu akienda kortini, karatasi hiyo hiyo ndiyo itakayotolewa: wananchi walishirikishwa, majina yao haya hapa.

Mambo yanavyokwenda unayajua. Tangazo linatoka siku mbili tatu kabla, kwenye gazeti ambalo mtaani kwenu halinunuliwi. Mkutano ni saa nne asubuhi siku ya kazi, au Ijumaa karibu na saa sita, na aliyepanga anajua fika kwamba watu wataanza kuondoka kwenda kuswali. Kitabu cha bajeti ni kinene, cha Kiingereza, na nakala ziko tatu ukumbi mzima. Afisa anasoma tarakimu mpaka wazee wanasinzia. Watu watano wananyoosha mikono, wawili wanaambiwa wafupishe. Halafu soda, keki, nauli, kwaherini. Mwaka ujao tena.

Ndio maana wengi wetu tumekata tamaa. "Wameshaamua hao, wanatuita kutupiga picha tu." Nakuelewa. Lakini sikuandikii nikwambie usiende. Nakuandikia nikwambie kuwa sahihi yako ina thamani kubwa kuliko unavyodhania, na ukijua thamani yake hutaiuza kwa soda.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, inataja kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi zake wazi na kuwashirikisha wananchi katika miswada yake. Kifungu cha 201 kinasema hivyo hivyo kuhusu fedha za umma. Halafu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaingia ndani zaidi: mwananchi apewe habari mapema, apewe nyaraka, na akiandika malalamishi rasmi, kifungu cha 89 kinaitaka serikali ya kaunti imjibu bila kukawia. Kwa hivyo hii si hisani ya gavana wala ukarimu wa MCA. Bila wewe, kazi yao ina ufa kisheria, na ufa huo umeshaangusha ukuta.

Kiambu, mwaka 2014. Kaunti ilikuwa imepitisha Sheria ya Fedha ya 2013, yenye ada na tozo mpya. Wakaazi wakaenda Mahakama Kuu. Jaji George Odunga akaifuta sheria yote kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na alisema jambo ambalo kila kijana wa mtaani anafaa alijue: haitoshi kuandika tangazo kwenye Twitter na kumwachia mwananchi alitafute mwenyewe. Kaunti inapaswa kuwafikia watu pale wanapokutana, na akazitaja sehemu hizo: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za kitaifa na za lugha za kienyeji. Misikiti imo. Kwa hivyo tangazo la mkutano wa bajeti likisomwa baada ya swala, hakuna aliyechanganya dini na siasa. Hiyo ni njia ambayo mahakama yenyewe imeitaja, na kamati ya msikiti wenu ina haki ya kuiuliza kaunti mbona haikuletewa tangazo.

Lamu, Juni 2019. Jopo la kitaifa linalosikiza kesi za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Mradi huo haukuwa wa kaunti, lakini kanuni ni ile ile. Mikutano ilifanyika, hilo hakuna aliyekataa. Shida ni kuwa ilifanyika kabla ya utafiti wa athari za mazingira kukamilika, ya kujulishana tu. Utafiti ulipotoka, watu hawakupewa nafasi ya kuujadili. Sasa uliza kwenu: mnapoitwa, huwa mnapewa karatasi zenyewe, au mnapewa hotuba?

Usinielewe vibaya, siuzi ndoto hapa. Korti inachukua miaka. Wavuvi wa Lamu walipeleka kesi ya bandari mwaka 2012, na Mahakama Kuu ikatoa uamuzi mwisho wa Aprili 2018. Iliona kweli hawakushirikishwa vya kutosha, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lakini wakati huo bahari ilikuwa imeshachimbwa, na mwaka 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Hukumu nzuri haimrudishii mvuvi mahali pake pa kutega. Kwa hivyo korti iwe mlango wa mwisho. Wa kwanza ni kufika mapema, na hapo ndipo tunapopigwa chenga kila mwaka.

Chenga yenyewe ni kalenda. Bajeti ya kaunti haitengenezwi siku unayoitwa ukumbini. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini safari yake inaanza mbali. Kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa uwe umefika bungeni. Hapo ndipo miradi inapotajwa. Kufikia Februari 28, karatasi ya mkakati wa fedha inaingia, na hiyo ndiyo inayoweka kiwango cha kila idara: afya hiki, maji hiki, barabara hiki. Aprili 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha makadirio bungeni. Juni 30 yawe yamepitishwa.

Sasa ona. Wengi wetu tunaitwa Mei, tunasimama kwa hasira, tunadai zahanati. Afisa anaandika, anatikisa kichwa, na moyoni anajua mradi haukutajwa Septemba na fungu la afya limefungwa tangu Februari. Umeongea ukweli, lakini umeongea basi likiwa limeshaondoka. Na juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na sheria inasema pesa za umma zisitengwe nje ya mpango. Ukiisha huo utaandikwa mwingine. Ikiwa mtaa wenu hautakuwemo, mtaomba taa za mulika mwizi kwa miaka mingine mitano.

Basi tufanyeje? Nakupa mambo matano ambayo kikundi cha vijana sita wa maskani moja kinayaweza bila mfadhili.

La kwanza, jueni ya kaunti na yasiyo ya kaunti. Zahanati, chekechea, masoko, taka, maji, mitaro, barabara za mtaani, mipango ya ardhi, hayo ni ya kaunti. Polisi, vitambulisho na shule za sekondari ni ya serikali kuu. Vitambulisho vinatuuma, najua. Lakini ukisimama kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti ukaongea vitambulisho dakika zote ulizopewa, afisa atakushukuru sana, kwa sababu umemwondolea swali la mtaro. Vitambulisho tutavipigania pale vinapotolewa.

La pili, ombeni karatasi kabla ya mkutano, na mwombe kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu. Wakikaa kimya, unapeleka malalamishi ofisi ya Ombudsman, na huhitaji wakili. Ombeni pia muhtasari kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, sawa na Kiingereza. Mama anayeuza viazi karai ana haki ya kusoma bajeti yake kama mhasibu wa makao makuu.

La tatu, nendeni na jambo moja lililoandikwa. Msiende na malalamiko kumi. Ukurasa mmoja: tatizo liko wapi, linawagusa kina nani, mnataka nini, na pesa itoke wapi. Hilo la mwisho ni muhimu. Sheria ya fedha inasema bunge likiongeza fungu moja lazima lipunguze jingine. Kwa hivyo fungua kitabu, tafuta pesa za safari, za ukarimu, za ukarabati wa ofisi usiokwisha, na useme: punguza hapa, tia kwenye mtaro wetu. Ukisema hivyo, ukumbi wote utakaa wima. Ukurasa huo utoeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo.

La nne, mwangalie mnachotia sahihi. Kabla ya kuandika jina, soma kichwa cha karatasi. Kimeandikwa "waliohudhuria" au "waliokubaliana"? Hizo ni kauli mbili tofauti kabisa. Hamkupewa nyaraka? Andika pembeni ya jina lako: "Sikupewa nyaraka." Hakuna sheria unayovunja, na karatasi waliyotaka iwafunike itakuwa inasema kweli. Piga picha kwa simu.

La tano, rudini. Hapa ndipo wengi tunapoangukia. Mkutano ukiisha tunaposti picha kisha tunasahau. Mahakama zimesema zaidi ya mara moja kwamba kaunti hailazimiki kukubali kila maoni. Ni kweli, na ni haki, kwa sababu mtaa wa pili nao una shida zake. Lakini kusikizwa kwa dhati si kuandikwa kwenye daftari tu. Dai sababu: maoni yetu yalikubaliwa au yalikataliwa, na kwa nini? Andikeni barua mwezi mmoja baadaye. Yalikubaliwa? Fuateni mradi. Sheria inaitaka kila idara itoe ripoti ya matumizi kila robo mwaka.

Na usiambiwe hayawezekani. Makueni, tangu ugatuzi uanze, mazungumzo yanaanzia kijijini, yanapanda hadi wadi, kaunti ndogo, mpaka juu, na wananchi wanachagua kamati zao kila ngazi. Miradi ina kamati ya wakaazi, na mwanakandarasi hulipwa kamati hiyo ikiwa imethibitisha kazi. Si kaunti tajiri ile. Haina bandari, haina hoteli za ufuoni. Ina shida zake kama wengine. Lakini imeonyesha kuwa kinachokosekana kwingine si pesa za mikutano, ni nia.

Kuna watakaosema, "Ndugu, haya ni mambo ya wasomi." Hapana. Mfano wa kitu kilichoandikwa Septemba ni mtaro unaofurika kila mvua ya Aprili hadi choo kinaingia sebuleni. Ni zahanati iliyo na jengo na haina muuguzi. Ni kina mama wanaonunua maji ya mkokoteni karibu na bomba lililokauka. Mtu aliamua pesa ziende kwingine, na aliamua kukiwa na karatasi ya mahudhurio imejaa majina. Huenda jina la babako limo.

Wazee wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mimi naongeza: na aliyekuwapo akanyamaza, lake limeandikwa na mwengine. Na tukiwa hapo, tuwe waungwana. Tusiwaachie kina mama viti vya nyuma halafu sisi tushike maikrofoni. Wanaojua maji yanakatika saa ngapi ni wao.

Kwa hivyo wiki hii fanya jambo moja tu. Nenda ofisi ya msimamizi wa wadi, au bunge la kaunti, uulize: mkutano ujao wa bajeti ni lini, ni wa hatua gani, na nyaraka zake ziko wapi? Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Kisha itieni tarehe hiyo kwenye ubao wa msikiti, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na kwenye ukuta wa maskani. Wakija na karatasi yao ya sahihi, watukute tumeshafika, na yetu mkononi.